Saa ya Wanawake Hekaluni

Pale Gurna, kusini mwa Misri, chini ya mlima wenye makaburi ya wafalme, kuna saa moja katika juma ambayo ni ya wanawake. Haimo kwenye kibao cha tiketi. Mkaguzi wa mambo ya kale haijui, au anaijua na kujifanya haijui, maana naye alizaliwa na mwanamke. Ni ile saa ya sala ya Ijumaa. Wanaume wako msikitini, watalii wamerudishwa melini kula na kukimbia jua, na katika lile hekalu dogo la mwisho, ambalo mabasi hulipita bila kupunguza mwendo, hubaki mlinzi mmoja aliyeketi kuelekea barabarani, hekalu amelipa mgongo. Wakati huo mwanamke aliyekosa mtoto huingia, akalivuka jiwe.

Jiwe lenyewe ni sanamu nyeusi ya mwanamke, malkia au mungu wao, wasomi bado wanabishana. Ilianguka chali zamani sana na hakuna aliyejisumbua kuiinua. Uso haupo, lakini tumbo limebaki, nalo limelainika kwa nguo za wanawake waliolivuka tangu bibi zetu hawajazaliwa. Masheikh wanasema ni ushirikina. Madaktari wanasema ni upuuzi. Wanawake hawabishani na yeyote kati yao. Husema ndiyo, ndiyo, kisha Ijumaa ikifika wanakwenda.

Sharti ni moja tu, nalo ni gumu kuliko linavyosikika. Tangu uvuke kizingiti cha nyumba yako mpaka urudi unywe maji ya mtungi wako, usitamke neno. Hata salamu usiitikie. Ukisema, umevunja, na aliyevunja harudii tena, kwa kuwa jiwe halijaribiwi mara ya pili.

Wahiba alikuwa akiwacheka wanawake hao. Alikuwa msichana wakati huo, akiuza wanasesere wa matambara mlangoni mwa makaburi, akawaona wakipita wamefunga midomo kama waliobeba maji mdomoni, naye akiwachokoza makusudi kwa salamu ili wamjibu. Dunia mviringo. Sasa alikuwa mke wa Abdel-Radi, mchonga vyombo vya alabasta, mtu mpole mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi, na miaka ilikuwa imepita bila dalili ya mtoto. Walikwenda kwa daktari wa Qena, wakaenda kwa wa Asyut. Wote wawili waliwaambia kwamba hawaoni kasoro, wakapokea malipo yao, wakawatakia kheri.

Mama mkwe wake, Hajati Saadiya, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja na nyumba yenye vyumba vitupu, na subira yake ilikuwa imefika ukingoni. Mwaka ule aliita kikao cha kuamua kama mwanawe aoe mke wa pili. Kwa desturi ya pale mke haketi kwenye kikao cha namna hiyo. Anasemewa na mtu wa kwao, baba au kaka, na asiye na wa kumsemea hukubali litakaloamuliwa. Wahiba alikuwa na Tayeb, mdogo wake, na siku ile Tayeb alisema maneno ambayo hata wajomba wa Abdel-Radi waliyarudia mtaani. Alisema ardhi njema nayo ina mwaka wake wa kupumzika. Alisema haombi mwaka, anaomba mpaka Sikukuu ya Kuchinja tu, kisha mambo yaende yatakavyo. Wakampa. Wahiba alikuwa jikoni akisikiliza nyuma ya pazia, machozi yakimtoka kwa fahari.

Alikuwa na haki ya kujivunia, maana Tayeb alikuwa kazi ya mikono yake. Mama yao alifariki Tayeb hajaanza kutembea. Wahiba aliacha shule, akambeba mgongoni, akaenda naye kuuza wanasesere. Kifaransa alikipatia palepale vumbini, neno moja leo, jingine kesho, kutoka kwa mabibi wa Kifaransa waliopenda wanasesere wake kuliko makaburi. Tayeb akikaa miguuni pake akarudia kila neno kama kasuku. Mtoto akaenda shule, akaenda chuo, akarudi mwongoza watalii mwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, anayezungumza Kifaransa cha vitabuni hadi wenyewe wanakipigia makofi. Wahiba alikuwa akikifua kile kikamba cha kitambulisho kwa sabuni, kisionekane na jasho.

Kwa hiyo aliposhikwa na shida ya jiwe, hakwenda kwa mwingine. Mficha uchi hazai, ndivyo tusemavyo, na yeye hakuficha kitu. Alimwambia Tayeb asubuhi moja, juu ya paa, akigeuza mikate ya jua, ambayo huanikwa mibichi, ili iumuke vizuri upande wa pili.

Tayeb aliacha kutafuna. "Wewe, dada? Wewe uliyekuwa ukiwacheka?"

"Nimecheka vya kutosha."

"Na shemeji anajua?"

"Akijua atanikataza, na akinikataza sitakwenda. Ndiyo maana nakwambia wewe. Zungumza na mlinzi, mzee Azab, aniache niingie, na asimwambie mtu."

Tayeb akasema hilo si neno. Kisha akaanza kuuliza maswali. Mwanamke akiingia anafanya nini kwanza? Anavua viatu? Anashika tumbo la sanamu au anavuka tu? Anageuka kulia au kushoto? Wahiba alimweleza yote aliyoyapata kwa shangazi zake, na moyo ukamjaa, akidhani mdogo wake anauliza kwa kuwa anamwonea uchungu. Akajikuta anamwambia na lile ambalo hata mto wake haukulijua: kwamba alikuwa ameshona kikanzu kidogo cha pamba, cheupe, akakificha ndani ya pipa la unga, na siku akiwa peke yake hukitoa akakikung'uta unga, akakitazama, akakirudisha.

Tayeb akamshika bega, akasema, "Iwe Ijumaa hii, dada. Ijumaa ijayo Azab hayupo."

Wahiba angependa ijayo, kwa sababu shangazi yake Ratiba aliyezaa wengi angekuwa amepona goti na kumsindikiza, na ni vizuri mgumba asindikizwe na mzazi. Lakini kama Azab hayupo, hayupo. Akakubali.

Ijumaa ikafika na joto lake. Abdel-Radi alijiosha vumbi, akavaa kanzu safi, akaenda msikitini. Wahiba alisubiri mpaka kipaza sauti kikaanza hotuba, akajitanda nguo nyeusi, akavuka kizingiti, na tangu hapo mdomo wake ukawa umefungwa.

Njiani alikutana na jirani yake Hamdiya, aliyefungua kinywa kumsalimia, akamtazama usoni, akaelewa. Hamdiya akaangalia pembeni na kumvuta mwanawe aliyekuwa anataka kumkimbilia Wahiba kwa pipi. Wanawake wa pale wana adabu hiyo. Ukimwona mwenzio kwenye njia ile, hukumwona.

Mzee Azab alikuwa mahali pake, kwenye kiti chake cha mitende, uso barabarani. Hakugeuka, kama ilivyo desturi. Ila alikohoa, na Azab si mtu wa kukohoa, na tasbihi yake ilikuwa imelala mapajani haitembei. Wahiba aliliona hilo akalipita. Mtu mwenye haja hana macho ya kuangalia tasbihi za wazee.

Ndani kulikuwa na baridi nzuri ya mawe, na harufu ya popo. Alivua kandambili. Alisimama mbele ya sanamu, akaweka kiganja juu ya tumbo lile, na ajabu, halikuwa baridi kama alivyotarajia. Hakujua aombe nini wala amwombe nani. Kichwani alisoma Fatiha, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo, kisha akainua nguo kidogo akavuka. Akazunguka, akavuka tena. Kitu kilichokuwa kimekaza kifuani mwake kwa miaka kikaanza kulegea. Alipokuwa anavuka tena, mguu mmoja huku na mwingine kule, akasikia mlio mdogo.

Ulikuwa mlio wa kamera. Mtu aliyekulia mlangoni mwa makaburi hawezi kuukosea mlio huo.

Nyuma ya safu ya nguzo, kwenye chumba cha pili chenye giza, walikuwa wameketi watu juu ya mawe, wazee wa Kizungu wa heshima zao, kofia mapajani, wametulia kama waliokuja kutazama ndege adimu. Na mbele yao, amechuchumaa, kitambulisho kinaning'inia, alikuwa Tayeb. Hakuwa msikitini. Alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, ile sauti yake tamu ya kikao, kwa Kifaransa.

Alikuwa anawaambia kwamba wanachokiona hakimo katika kitabu chochote. Kwamba ibada hii haijabadilika tangu enzi za Firauni, na kwamba hakuna kampuni nyingine itakayowaonyesha. Kwamba mwanamke huyu ni tasa. Mumewe anapewa mke wa pili, naye amepewa mpaka sikukuu. Wasiogope, alisema, hatawafanyia fujo, kwa sababu masharti hayamruhusu kusema hata neno moja.

Halafu akawaambia habari za kikanzu. Alizisimulia vizuri, Mungu amlipe anavyostahili. Alisimulia unga unavyokung'utwa, pamba ilivyo nyeupe, na pipa linavyofunikwa tena. Bibi mmoja aliyeshika kofia ya majani alitoa leso akajifuta macho. Wahiba alisimama na jiwe katikati ya miguu yake, akisikia siri yake ikitoka kwa mdomo alioulisha, kwa lugha aliyoifundisha yeye. Hakuna neno hata moja lililompita, na angetoa chochote siku ile ili awe hajui Kifaransa.

Yule bibi mwenye kofia ya majani akamwuliza Tayeb swali. Alikuwa na wasiwasi, ilionekana. Jambo hilo halikumkaa sawa. Alimwuliza kama anamfahamu mama huyu, na kama mama huyu anajua kwamba wao wako hapa.

"Hapana, bibi, simfahamu," Tayeb akasema. "Ni mwanamke wa kijijini tu. Wako wengi kama yeye."

Wahiba aliuma mdomo. Lazima tuseme kweli hapa: bado angeweza kuondoka. Sharti halikusema usionekane, lilisema usiseme. Angevuta mguu wake, akavaa kandambili, akatembea kimya mpaka kwenye mtungi wake, akanywa, na tumaini lake lingekuwa zima. Aliliwaza hilo, tena kwa makini. Aliwaza vyumba vitupu vya Hajati. Aliwaza mke mwenza akipita na tumbo kwenye ua ule mwembamba. Alijua kabisa thamani ya kile alichokibeba mdomoni, na kwamba akikiachia hakuna Ijumaa nyingine.

Lakini kuna maumivu ambayo mtu hawezi kuyameza hata akiahidiwa mtoto. Akageuka kuelekea gizani.

"Tayeb," akasema. "Mimi ni nani?"

Sauti yake ilikuwa kavu. Haikuwa kubwa. Ilienda ikagonga dari, njiwa wawili wakaruka. Wazee wa Kizungu wakatazamana. Tayeb alikuwa ametoa macho. Bila shaka alikuwa ametarajia kila kitu duniani isipokuwa uwezekano wa Wahiba kufungua kinywa. Wahiba alimsubiri. Alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho ili kuuliza swali lile moja, na jibu lake lilikuwa rahisi. Hata kama angelisema kwa Kiarabu tu, wageni wasielewe, hata kama angelisema kwa macho, lingetosha.

"Amesema nini?" bibi mwenye kofia akauliza.

Ile sauti tamu ya Tayeb ikarudi.

"Anaomba chochote, bibi. Ni maskini."

Yule bibi akainuka palepale, maskini ya Mungu, akafungua mkoba, akatembea mpaka kwenye sanamu na kuweka noti kwenye kiganja cha Wahiba, akakifumba kwa mikono yake miwili na kumwambia pole. Wahiba alikuwa na Kifaransa chote alichokihitaji. Kilikuwa kimejipanga ulimini, na kwa sentensi mbili angemvua Tayeb nguo mbele ya wageni wake. Akamtazama mdogo wake, na alichokiona usoni pake ni woga wa kuumbuka, basi. Haya hakuiona, wala huruma. Mtu akifika hapo hana nguo za kuvuliwa. Akaiweka noti juu ya tumbo la jiwe, akavaa kandambili zake, akatoka.

Azab hakugeuka hata hapo. Sigara za Tayeb zilikuwa zimetuna kwenye mfuko wa kanzu yake. Wengine wamekwisha kumsamehe kwa ajili ya uzee wake, mimi bado.

Tayeb alimfikia kwenye njia ya kando ya mfereji, karibu na mashamba ya miwa, anahema.

"Dada, simama. Umenielewa vibaya. Nilisema sikujui ili nikufichie jina. Ulitaka niwaambie huyu ni dada yangu, wakupige picha na jina lako?"

"Na kikanzu?" Wahiba akasema bila kusimama. "Nacho ulikisema ili kunifichia jina?"

Tayeb akasema, na hili ndilo Wahiba alilolikumbuka baadaye kuliko yote, kwa sababu alilisema kama fundi anayeeleza kazi yake, bila ubaya wowote, "Hadithi inataka kitu kidogo cha kushika moyo, dada. Bila kile wangeona mwanamke anaruka jiwe."

Akaendelea. Alisema watu wale wameona kila kaburi, kila nguzo, wamechoka na wafalme, wanataka kitu kinachopumua. Alisema kampuni ya meli inatafuta mwongozaji mmoja tu wa kudumu, na wageni hawa wakiandika vizuri, ni yeye. Akauliza nani atakayefaidi akipata kazi hiyo kama si yeye Wahiba. Alisema alijua kwamba hatasema kitu, kwamba angevuka jiwe lake, akarudi nyumbani, asijue kamwe, na kila mtu angekuwa amepata alichokitaka.

"Isitoshe, lile ni jiwe tu," akasema. "Wewe mwenyewe ulikuwa unalicheka."

Hapo Wahiba akasimama.

"Ni jiwe," akasema. "Unadhani sijui kuwa ni jiwe? Lakini nilikuwa nalo hilo tu, Tayeb, hilo na wewe."

Akamwacha hapo. Msikitini walikuwa wanatoka, na alirudi nyumbani katikati ya wanaume wenye kanzu nyeupe waliompisha njia. Alifika akanywa maji ya mtungi. Yalikuwa maji tu.

Jioni alimwambia Abdel-Radi kila kitu, kwa kuwa siri iliyokwisha kusimuliwa kwa Wafaransa haina maana kufichwa mume. Alitegemea hasira kwa ajili ya jiwe. Abdel-Radi alisikiliza huku akijipangusa alabasta kwenye kucha.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Ningekaa mimi pale mlangoni."

"Ungekosa sala ya Ijumaa."

"Ningeikosa."

Wahiba alilia kwa neno lile kuliko alivyolilia mengine yote. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hakuna anayekwambia kwamba na kikutakiacho mema kinaweza kuwa nguoni mwako vilevile, wewe ukakipita kwenda kutafuta mbali.

Sikukuu ya Kuchinja ikaja, ikachinjwa, nyama ikagawiwa, na hakuna kilichobadilika mwilini mwa Wahiba. Hajati Saadiya aliita kikao kama ilivyokuwa imekubaliwa. Wajomba wakaketi kwenye makochi. Tayeb alikuja na boksi la vitamu vya baklawa, amevaa suti mpya. Kampuni ya meli ilikuwa imemchukua. Hakuna aliyemwalika kwa mdomo, lakini hakuna aliyehitaji kumwalika. Yeye ndiye mtu wa Wahiba.

Naye akasema. Wahiba alikuwa jikoni, birika likichemka, na alisikia kila neno. Tayeb hakuwahi kusema vizuri kama siku ile. Alizungumzia subira ya manabii na wake zao. Alizungumzia mama yake asiyemkumbuka, na dada aliyemlea mgongoni, na sauti ikamkatika mahali panapostahili kukatika. Akaomba mwaka mmoja. Mmoja wa wajomba alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Hajati alivuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayekaribia kushindwa, akasema basi, kama ni mwaka na uwe mwaka, kwa heshima ya kaka huyu.

Pazia likafunguka. Wahiba akaingia na sinia, akaliweka chini.

"Samahani, mama," akamwambia mkwewe. "Mwaka huo siutaki."

Abdel-Radi akainua kichwa. Hajati akadhani hakusikia vizuri, akamwuliza kama ana akili timamu, kwani kaka yake amekwisha kumwombea, nao wamekwisha kumpa.

"Huyu asinisemee."

"Asikusemee yeye, akusemee nani? Una mwingine?"

"Sina," Wahiba akasema. "Semeni mtakavyo, nami nitakubali, lakini asiwe yeye."

Tayeb alicheka kidogo, kicheko cha kumwonyesha kila mtu kwamba wanawake wana siku zao, akaanza kusema kwamba dada yake amechoka. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Wajomba wanaijua desturi, nayo ni kali: asiye na wa kumsemea, limeshaamuliwa. Hajati Saadiya alimtazama mkaza mwana wake kwa muda, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Akasema basi, baada ya mavuno ya miwa watakwenda kuposa. Abdel-Radi akafungua kinywa, akamtazama mkewe, akaona namna alivyosimama, akakifunga.

Wahiba akapiga magoti kwenye sinia na kuanza kumimina chai, maana wageni ni wageni. Mjomba mkubwa vijiko viwili, mjomba mdogo vitatu, Hajati bila, kwa ajili ya kisukari chake. Alikuwa akijua sukari ya kila mtu katika ukoo ule. Alipofika kwa Tayeb mkono ukasimama juu ya kopo la sukari. Tayeb akanyoosha gilasi yake, akitabasamu, akimngoja.

Wahiba akamgeukia mumewe, akamwuliza kama mgeni huyu hunywa chai na sukari.